Miaka Saba ya Kuandika Programu: Nitajuaje Kama Nimekua?

“Nimefanya kazi ya uhandisi wa programu kwa miaka saba, mitano kati ya hiyo katika kampuni moja. Nimepandishwa cheo mara mbili na sasa naitwa mhandisi mwandamizi. Hata hivyo, kila unapofika wakati wa kujaza fomu ya tathmini binafsi hukaa saa nzima mbele ya ukurasa mtupu nisijue niandike nini kilicho kweli. Hivi karibuni mwenzangu mwenye miaka mitatu kazini aliuliza katika kikao cha usanifu, ‘Itakuwaje ujumbe huu ukifika mara mbili?’ Nikagundua kwamba sijawahi kujiuliza swali hilo katika kazi zangu zote. Naogopa kwamba nina uzoefu wa mwaka mmoja niliourudia mara saba. Jambo la pili linaninyima raha zaidi. Kabla ya toleo lililopita la programu yetu, na kabla ya kikao hicho, niliona kasoro iliyofanya baadhi ya wateja watozwe mara mbili. Nilimweleza meneja kwa mdomo, akasema itarekebishwa baadaye, nami nikanyamaza. Katika ripoti ya toleo nikaandika kuwa hakuna kasoro inayojulikana. Nitajipimaje kwa haki? Nisome shahada nyingine, nihame kampuni, au niingie kwenye uongozi? Na je, lile nililolinyamazia linahusiana na kukua kwangu kikazi, au ni suala la dhamiri yangu tu?”

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuyaandika mambo haya mawili katika barua moja, ingawa mwenyewe umeyatenganisha. Ninavyokuelewa, unahofia kwamba cheo chako kimepanda haraka kuliko ujuzi wako, na wakati huohuo unabeba uzito wa sentensi moja uliyoiandika ukijua kwamba si kweli. Nitayajibu yote mawili, lakini niruhusu nianze kwa kukuonyesha mahali yanapokutana.

Mwenzako aliuliza itakuwaje ujumbe ukifika mara mbili. Kasoro uliyoinyamazia ni wateja kutozwa mara mbili. Sijauona msimbo wenu, yaani maandishi yenyewe ya programu, kwa hiyo siwezi kukuapia, ila katika mifumo ya malipo hayo mara nyingi ni jambo moja. Mfumo mmoja hutuma ombi la kumtoza mteja, kisha mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Mtumaji hana njia ya kujua kama ni ombi lililopotea likienda au ni jibu lililopotea likirudi, na kwa kuwa ameandikiwa kujaribu tena, hutuma ombi lilelile mara ya pili. Mpokeaji, asiye na kumbukumbu kwamba amekwisha kulihudumia, humtoza mteja tena. Dawa yake inajulikana. Mtumaji aunde namba ya pekee ya ombi mara moja tu, kabla ya jaribio la kwanza, na aitumie namba hiyohiyo katika kila jaribio linalofuata. Mpokeaji naye aihifadhi pamoja na malipo yenyewe ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, yaani hatua zinazofanyika zote kwa pamoja au zisifanyike kabisa, chini ya sharti kwamba namba hiyo haiwezi kuingia mara mbili. Ombi la pili likifika, hurudishiwa jibu la lile la kwanza na hakuna anayetozwa.

Sasa tazama jinsi mambo yalivyofuatana. Kasoro ilikufikia wewe kwanza, kabla ya kile kikao. Kama ungeifuatilia hadi kwenye chanzo chake, ungeingia kikaoni ukiwa na swali lile mdomoni. Somo lilibisha hodi mlangoni kwako, likajibiwa “baadaye”, likaondoka. Sikulaumu ninaposema hivyo. Nakuonyesha kwamba hofu yako ya kwanza na ya pili zina mzizi mmoja, na kwamba huenda mwenzako hakukuzidi akili bali aliwahi kuifuatilia kasoro ya namna hiyo hadi mwisho.

Mtu mwenye hofu kama yako kwa kawaida hupewa majibu mawili ya haraka, na yote mawili yatakupotosha. Jibu la kwanza ni la kumfariji: wenye uwezo ndio hujiona matapeli, kwa hiyo jiamini. Hali hiyo ya kujiona tapeli ilielezwa mwaka 1978 na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, kutokana na kazi yao na wanawake zaidi ya 150 waliokuwa wamefanikiwa katika masomo na taaluma, lakini waliamini kwamba wamewahadaa wote waliowasifu. Waliieleza kama hali wala si ugonjwa, na alama yake ni kwamba ushahidi wa mafanikio upo ila mwenye nao anaukataa. Wewe hukuniandikia hivyo. Umenitajia swali mahususi ambalo hukuwahi kujiuliza. Hilo ni pengo halisi lenye jina, na kukubembeleza usilione hakutakufaa kitu.

Jibu la pili ni la kutisha, nalo huegemea utafiti uliochapishwa mwaka 1999 na David Dunning na Justin Kruger wa Chuo Kikuu cha Cornell. Katika vipimo vyao, watu wa robo ya mwisho, ambao kwa wastani waliwazidi watu 12 tu katika kila 100, walijikadiria kuwa wamewazidi 62. Wengi hukomea hapo na kusema kwamba asiyejua hawezi kujua kuwa hajui, hivyo tathmini binafsi haina maana. Wataalamu wa takwimu wamekwisha kuonyesha kwamba sehemu ya pengo hilo huletwa na namna ya kupima tu. Isitoshe, sehemu ya mwisho ya utafiti huohuo, ambayo ni nadra kutajwa, ndiyo inayokuhusu: washiriki waliofundishwa kwa muda mfupi kanuni za mantiki waliweza kurudi kwenye majibu yao ya awali na kuyatambua makosa yao. Maana yake ni kwamba jicho la kujipima hufunguka pamoja na ujuzi. Kutambua kwako pengo lile kikaoni, papo hapo, ni dalili kwamba jicho hilo unalo.

Tuingie basi kwenye kiini cha jambo. Miaka haigeuki kuwa uzoefu yenyewe. Anders Ericsson na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 1993 juu ya wapiga fidla wa Berlin, ndio waliozaa ile hesabu maarufu kwamba ubingwa huhitaji saa 10,000 za mazoezi, lakini walichokisisitiza ni mazoezi yenye lengo, yanayosahihishwa; wingi wa saa peke yake haukuwa hoja yao. Mwaka 2009 Daniel Kahneman na Gary Klein, wanasaikolojia waliokuwa wakipingana kwa miaka mingi kuhusu suala la kuaminika kwa hisia za mtaalamu, waliandika pamoja na kukubaliana juu ya masharti mawili. Uamuzi wa mtu huwa wa kuaminika pale ambapo mazingira ya kazi yake yana mpangilio unaojirudia, na pale ambapo amepata nafasi ya kutosha ya kuona matokeo ya maamuzi yake na kujifunza kutokana nayo.

Lipime hilo sharti la pili katika kazi yetu. Ukikosea alama moja katika msimbo, kompyuta inakuambia ndani ya sekunde. Ukikosea mantiki, majaribio yanakuambia baada ya dakika chache, kama yapo. Mfumo ukilemewa na watumiaji, utajua baada ya siku au wiki. Lakini umbo la hifadhidata ulilochagua, mpaka uliouweka kati ya sehemu mbili za mfumo, dhana uliyoiacha bila kuiandika, hayo huleta majibu baada ya mwaka, miwili, hata mitano, na mara nyingi majibu hayo humfikia mtu mwingine. Hii ndiyo sababu karibu kila mhandisi hukua upesi katika miaka miwili mitatu ya mwanzo kisha akahisi amekwama. Yale yanayojibu haraka amekwisha kuyamudu. Yanayojibu polepole hayamrudii. Ametoa toleo, akahamishiwa kazi nyingine, na kilio cha mteja kimeishia kwa kitengo cha huduma. Mtu huyo anaweza kufanya kazi kwa bidii na kwa uaminifu miaka kumi na asijue kama maamuzi yake makubwa yalikuwa mazuri.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si “nina uwezo kiasi gani?” Swali hilo halina mahali pa kushika. Jiulize: ni maamuzi gani niliyoyafanya ambayo matokeo yake yamenirudia, na yamenifundisha nini? Hapo fomu ya tathmini binafsi inaanza kupata maneno.

Chombo ninachokushauri ni daftari la maamuzi. Kila unapoamua jambo lenye uzito, andika mistari minne kabla ya kuanza: umeamua nini, unategemea dhana gani, unatabiri nini kitatokea, na una uhakika kiasi gani. Kisha weka tarehe ya kurudi kuisoma. Nakuonyesha ukurasa mmoja wa daftari langu la zamani: “Kuhamisha jedwali la wateja. Siku 4. Dhana: hakuna mfumo mwingine unaolisoma jedwali hili moja kwa moja. Uhakika: 9 kati ya 10.” Chini yake, kwa wino mwingine: “Siku 19. Programu ya ripoti za kila mwezi ilikuwa ikilisoma. Sikumuuliza mtu.” Peke yake, ukurasa huo ni kosa moja tu. Lakini nilipofikisha kurasa arobaini hivi, niliona jambo ambalo hakuna meneja aliyewahi kuniambia: makadirio yangu kuhusu msimbo niliouandika mwenyewe yalikuwa mazuri, na karibu kila palipokuwa na neno “hakuna mwingine” nilikuwa nimekosea. Tangu siku hiyo neno hilo likinitoka, nasimama na kwenda kuuliza. Huko ndiko kukua ninakokujua mimi, na kunaweza kuandikwa kwenye fomu bila aibu wala majivuno.

Nakusihi uandike utabiri kabla, si baada. Kumbukumbu ya binadamu ina huruma mno kwa mwenyewe. Matokeo yakishajulikana, kila mmoja wetu huamini kwamba alijua tangu mwanzo.

Unaweza pia kuitendea haki miaka iliyopita. Fungua historia ya mabadiliko ya msimbo wenu, chagua kitu ulichokijenga miaka mitatu iliyopita, ukisome kama kimeandikwa na mtu usiyemjua. Ni sehemu gani imelazimika kuandikwa upya, na kwa nini? Ni sehemu gani haijaguswa na bado inafanya kazi? Soma maoni ya wenzako katika mapitio ya msimbo, uone kama yale ya mwaka juzi na ya mwaka huu yanakusahihisha kosa lilelile. Ukikuta hivyo, hofu yako ya mwaka mmoja uliorudiwa ina msingi katika eneo hilo moja, na sasa unajua ni lipi. Usihesabu mistari ya msimbo wala idadi ya kazi ulizofunga. Havijawahi kuwa kipimo kizuri, na siku hizi, ambapo zana za akili unde zinaweza kumwaga mamia ya mistari kwa dakika, vimekuwa kipimo kibaya zaidi.

Sasa nije kwenye kile ulichokiita suala la dhamiri. Mwaka 1999 vyama viwili vya kimataifa vya wanataaluma wa kompyuta, ACM na IEEE Computer Society, vilipitisha pamoja kanuni za maadili za uhandisi wa programu. Zina misingi minane. Wa kwanza ni maslahi ya umma. Wa nane, wa mwisho, ni mhandisi mwenyewe na wajibu wake wa kuendelea kujifunza maisha yake yote. Walioziandika hawakutenganisha unyofu na kukua. Waliviweka katika waraka mmoja, na naamini walikuwa sahihi, kwa sababu nimeona mara nyingi jinsi kimoja kikifa kinavyokivuta kingine.

Mfano unaoniumiza kila ninapoufundisha ni wa Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, ambayo kati ya 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa wasiopungua sita mionzi iliyopita kiasi mno, na baadhi yao wakafa. Mashine iliyoitangulia ilikuwa na vizuizi vya vifaa vilivyozuia hatari hata pale programu ilipokosea. Katika Therac-25 kazi hiyo iliachiwa programu. Ilipotokea hitilafu, skrini ilionyesha namba tu bila maelezo yenye maana, na waendeshaji, waliozoea kuona ujumbe wa namna hiyo mara kwa mara, walibonyeza kitufe cha kuendelea. Hospitali zilipolalamika mwanzoni, ziliambiwa na watengenezaji kwamba mashine haiwezi kuwa imefanya hivyo. Ona kilichotokea hapo: habari kutoka kwa mgonjwa ilikuwa njiani kumrudia mhandisi, na njia ikafungwa. Madhara yaliyofuata yalihitaji kasoro ile katika msimbo, na yalihitaji pia watu wasiotaka kuisikia.

Malipo mara mbili hayaui kama mionzi, nami sikulinganishi na watu wale. Utaratibu ndio mmoja. Ulipoandika “hakuna kasoro inayojulikana”, ulimnyima msomaji wa ripoti nafasi ya kuamua akijua ukweli, ukajinyima pia nafasi ya kujifunza, kwa sababu huwezi kuichunguza hadharani kasoro ambayo umekwisha kuandika kuwa haipo.

Ufanye nini? Irekebishe sentensi ile, kwa maandishi, wiki hii. Kwanza kusanya ukweli: kutoka kumbukumbu za mfumo, hesabu ni wateja wangapi walitozwa mara mbili, tangu tarehe gani, na kama kasoro bado ipo. Kisha mwendee meneja wako umwambie kwamba unataka kuisahihisha ripoti, umpe nafasi ya kuwa upande wako. Waraka wenyewe uwe mfupi, kwa mfano: “Katika ripoti ya toleo niliandika kwamba hakuna kasoro inayojulikana. Sentensi hiyo haikuwa sahihi. Nilikuwa nimeona kwamba baadhi ya maombi ya malipo hurudiwa na wateja kutozwa mara mbili. Naambatisha idadi, tarehe, na pendekezo la kurekebisha na kurejesha fedha.” Usimtaje meneja kwa lawama, wala usijieleze kwa aya tatu. Sitakudanganya kwamba hakuna gharama. Zipo kazi ambapo mtu hutazamwa vibaya kwa kusema kweli, na jinsi watakavyoupokea waraka huo kutakueleza mengi juu ya mahali hapo kuliko miaka mitano iliyopita. Lakini kwa kawaida kosa lililosahihishwa na mwenyewe hupokewa kwa upole kuliko lililofichuliwa na mteja.

Kuhusu njia tatu ulizozitaja, nitasema kwa kifupi. Shahada inafaa ikiwa pengo lako ni la nadharia, na sehemu yake kweli ni hiyo: mifumo iliyosambazwa kwenye kompyuta nyingi zinazowasiliana, miamala ya hifadhidata, jinsi mitandao inavyoshindwa. Hayo hufundishwa vizuri darasani, ingawa kozi moja au mbili zilizosomwa kwa makini zinaweza kutosha. Shahada haitakupa maamuzi yanayokurudia. Uongozi ni kazi nyingine yenye ufundi wake. Uingie kwa kuipenda, usiingie kwa kukimbia hofu hii, maana itakufuata humo, na safari hii watakaoumia ni wengine.

Kuhama ndiyo njia ninayoifikiria zaidi. Anayehama kila baada ya mwaka mmoja na nusu huondoka kabla maamuzi yake makubwa hayajazaa, na wewe umekaa miaka mitano, jambo ambalo ni hazina kama utaitumia. Kabla ya kuhama, omba mambo mawili hapo ulipo: uingizwe kwenye zamu ya kuitwa mfumo wa malipo unapoanguka, na usome malalamiko ya wateja mara moja kwa wiki pamoja na kitengo cha huduma. Wakikukatalia yote mawili, na waraka wako ukapokewa kwa vitisho, basi hama bila kusitasita, na katika usaili uwaulize ni nani huitwa usiku mfumo ukianguka na nini huandikwa baada yake.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Ukiamriwa kuificha kasoro hiyo, au kuwadanganya wateja au wakaguzi, onana ana kwa ana na wakili wa masuala ya kazi kabla ya kusaini chochote au kupeleka habari nje ya kampuni, na usichukue data za wateja nyumbani hata kama nia yako ni njema. Ikiwa huko kunyimwa raha unakokutaja kumefikia kukosa usingizi kwa wiki kadhaa, kuchoka hata baada ya mapumziko, kuichukia kazi uliyoipenda na kuona kwamba hufanyi lolote la maana, muone daktari au mshauri wa kisaikolojia. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linauelezea uchovu wa kazini uliopita kiasi kwa dalili hizo tatu za kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi na kupungukiwa ufanisi, na ingawa haliuiti ugonjwa, hauponi kwa kujikaza. Nakusihi pia umtafute mhandisi mwenye miaka mingi zaidi yako, asiye na mamlaka juu yako, akae nawe mara moja kwa mwezi asome kurasa chache za daftari lako.

Na kabla hujaupeleka waraka, mwombe yule mwenzako wa miaka mitatu akupe saa moja. Mwambie wazi kwamba swali lake limekugusa. Kaeni mbele ya msimbo wa malipo, mfuatilie ombi moja tangu linapotumwa hadi linapoandikwa kwenye hifadhidata, na katika kila hatua mwulizane itakuwaje mtandao ukikatika hapa. Kisha andikeni jaribio linalotuma ombi lilelile mara mbili, mliendeshe, mkaangalie salio la mteja.